Mtoto wa pekee: kisa cha foleni iliyompitisha dereva mchangani

Dereva aliingia ofisini saa kumi na moja jioni, suruali imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akavuta kiti, akaiweka simu mezani na kuisukuma upande wangu kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, leo umenipitisha wapi? Kule sisi huwa tunakwenda kufuata mkaa."

Nikafungua ramani. Programu yetu ya kuwatafutia madereva njia ilikuwa imemtoa barabara kuu muda mfupi baada ya Kitangari, ikamwingiza kwenye njia ya mchanga katikati ya mikorosho, ikamtembeza humo, kisha ikamrudisha kwenye barabara ile ile aliyokuwa ameiacha. Lori lilikuwa na mzigo. Utingo alishuka mara mbili kufukua mchanga mbele ya tairi.

Kama dakika za vipande vya barabara zingekuwa zimeandikwa vibaya, ningeelewa mara moja. Nikazijumlisha kwa mkono. Kwa dakika zilizokuwa ndani ya programu yenyewe, njia ya mchangani ilikuwa ndefu kuliko barabara kuu. Programu ilikuwa kama mnunuzi anayejua bei za maduka yote mawili, kisha akaenda kulipa kwenye lile la ghali. Hapo nikajua usiku huo silali mapema.

Nakiandika kisa chote, pamoja na aibu zake, kwa wenzangu waandika programu wanaojiandikia foleni zao.

Kazi yenyewe

Mwenye malori ni mama mmoja wa hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho unapofunguka, kuanzia Oktoba, malori yake hubeba korosho ghafi kutoka maghala ya vyama vya msingi, AMCOS kama tunavyoviita, hadi maghala makuu, ambako mzigo hupokelewa kwa stakabadhi na kusubiri mnada. Miaka yote hakuhitaji programu. Alikuwa na madereva wanaojua njia. Kilichombadili ni Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa. Akataka kitu ambacho akiambiwa daraja fulani halipitiki, anafuta kipande hicho kwenye simu, na simu inahesabu upya papo hapo.

Kilomita peke yake zisingetosha. Barabara ya Mtwara kwenda Masasi kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala ni kilomita 210, na ubora wake haulingani mwanzo hadi mwisho. Ile ya kuzungukia Ndanda, Mtama na Mnazi Mmoja ni lami. Kwa hiyo tulihesabu muda, tukikaa na madereva na kuwauliza kipande kwa kipande, kiangazi na masika. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyoifurahia kuliko zote, na ndiyo sehemu pekee ambayo haikutuangusha.

Ramani tuliichukua OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na kuiweka ndani ya simu, kwa sababu huko juu uwandani mtandao ni wa kubahatisha. Programu inaendeshwa na kivinjari cha simu na imeandikwa kwa JavaScript. Hapo tukajitafutia kazi: JavaScript haiji na foleni ya kipaumbele. Anayetumia Python au Java anaikuta imeandaliwa; sisi ilibidi tuandike yetu. Tuko wawili, mimi na kijana mmoja ambaye namwita dogo na yeye ananiita kaka.

Kwa asiyeifahamu foleni hiyo: uwanjani kwenye ghala kuu malori hupangwa kwa kufika, aliyetangulia anashusha kwanza. Foleni ya kipaumbele haijali nani kafika lini. Kila anayeingia ana namba yake, na anayeitwa ni mwenye namba ndogo kuliko wote waliomo saa hiyo, hata kama kaingia sasa hivi. Katika kutafuta njia, wanaopanga foleni ni njiapanda, na namba ni muda wa kufika pale kutoka mwanzo wa safari. Njiapanda ikiitwa, unazitazama jirani zake, unajumlisha muda, nazo unaziingiza kwenye foleni. Basi. Ni algoriti, yaani mpango wa hatua za hesabu, ya mwanakompyuta Mholanzi Edsger Dijkstra, ambayo kwa simulizi yake mwenyewe aliiwaza mwaka 1956 kwa dakika kama 20, ameketi mgahawani Amsterdam anakunywa kahawa. Aliichapisha 1959, na wakati huo lundo (heap), muundo tulioujengea foleni yetu, lilikuwa halijabuniwa; J. W. J. Williams alilileta mwaka 1964 kwa kazi ya kupanga namba, ndipo watu wa njia wakaliazima.

Lundo ni orodha ya kawaida iliyopangwa kama ukoo. Aliye nafasi ya i, ukihesabu kuanzia sifuri, watoto wake wako nafasi ya 2i+1 na 2i+2. Sharti ni moja: mzazi asiwe na namba kubwa kuliko mtoto wake. Kwa sharti hilo mdogo kuliko wote hukaa kileleni bila kutafutwa. Ukimtoa, unamchukua wa mwisho kabisa kwenye orodha, unamkalisha kileleni, halafu unamzamisha: anabadilishana nafasi na mdogo kati ya watoto wake wawili, tena na tena, mpaka asiwe na mtoto aliye mdogo kuliko yeye. Wakiwamo 1,000, orodha isiyopangwa inakulazimu uwakague wote 1,000 kila unapomwita mmoja. Lundo la 1,000 lina ngazi 10, na kulinganisha kwake hakufiki mara 20.

Kumzamisha aliyewekwa kileleni. Kumbuka hatua hiyo.

Tulivyowalaumu wengine

Toleo la kwanza lilikuwa la kizembe. Lilianzia ghala kuu, likahesabu muda wa kwenda kila njiapanda ya ramani nzima, likaendelea mpaka foleni iishe. Njiapanda iliyokwisha kuitwa, ikipatikana njia fupi zaidi ya kuifikia, ilirudishwa kwenye foleni na kuitwa tena. Liliwapa madereva njia sahihi kwa karibu miezi miwili, ila kwenye simu ya mama lilichosha: unabonyeza, unaweka simu chini, unamimina chai.

Nilikuwa nimeweka kihesabu kidogo pembeni kinachoonyesha foleni imeita mara ngapi. Namba yake ilikuwa inazidi idadi ya njiapanda zote zilizomo kwenye ramani. Niliiona. Nikasema moyoni, ramani ni kubwa, na nikaendelea na mambo mengine. Foleni iliyo nzima, kama hakuna kipande cha barabara chenye muda hasi, huita kila njiapanda mara moja tu. Namba ile ilikuwa inapiga kelele kila siku na mimi naiangalia.

Tulipoamua kuongeza kasi, tuliongeza mambo matatu kwa mpigo, na hilo nalo lilikuwa kosa. Kwanza, safari ikifika inakokwenda tusimame, tusihesabu mkoa mzima. Pili, njiapanda ikishaitwa tuifunge, isirudi tena kwenye foleni. Tatu, tukaweka makadirio ya sehemu iliyobaki, ile mbinu ya A* iliyochapishwa mwaka 1968 na Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael. Kwa kila njiapanda unaongeza muda ambao lori lingetumia kama lingepaa moja kwa moja hadi mwisho kwa kasi kubwa kuliko zote. Sisi tuliweka kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo umbali wa kilomita 40 hewani ni dakika 30. Makadirio lazima yawe ya chini. Ukiweka kasi ndogo, yakatoka dakika 60 mahali ambapo lori lingefika kwa 45, programu itaikimbia njia nzuri.

Programu ikawa nyepesi kabisa. Mama akafurahi, tukalipwa. Haikupita wiki, dereva akaja na vumbi lake.

Tulianza kwa kuilaumu ramani, kama kila mtu anavyofanya. Huenda barabara kuu imechorwa vipande viwili visivyogusana, hutokea. Tukakagua kipande kwa kipande. Vyote vinagusana. Tukayalaumu makadirio: huenda kuna mahali tumechanganya nyuzi za ramani na kilomita. Dogo ndiye aliyesema neno la maana usiku ule.

"Kaka, kwa nini tusiyaweke sifuri? Yakiwa sifuri inabaki Dijkstra tupu. Ikiendelea kukosea, makadirio hayana hatia."

Tukayaweka sifuri. Ikamrudisha dereva mchangani vilevile.

Basi nikaiambia programu iandike kila namba inayotoka kwenye foleni, kwa mfuatano. Makadirio yakiwa sifuri namba hizo haziruhusiwi kushuka hata siku moja: aliyeitwa sasa hawezi kuwa na muda mdogo kuliko aliyeitwa kabla yake, kwa sababu anayefika kupitia kwa mwenzake anaongeza muda, hapunguzi. Nikateremsha orodha kwa kidole gumba. Zilipanda, zikapanda, zikapanda, halafu moja ikashuka. Mbele kidogo, nyingine. Si nyingi, na hazikushuka sana. Lakini kushuka mara moja kulitosha. Mkosaji alikuwa amejulikana.

"Haiwezekani," dogo akasema. "Foleni tuliipima."

50, 40, 30, 20, 10

Ni kweli tuliipima. Jaribio lenyewe lilikuwa kwenye faili, nimeliandika mimi: ingiza 50, 40, 30, 20, 10, kisha toa zote, utarajie 10, 20, 30, 40, 50. Lilipita. Tulichagua mpangilio wa kinyumenyume kwa sababu ulionekana mgumu kuliko wote. Nani apime upangaji kwa vitu vilivyokwisha jipanga?

Dogo, kwa ubishi tu, akaandika 10, 20, 30. Zikatoka 10, 30, 20.

Tulikaa kimya kidogo. Namba tatu! Si ramani ya mkoa, si maelfu ya njiapanda.

Fuata kwa kalamu. Baada ya kuingiza, orodha ni 10, 20, 30: kileleni 10, watoto wake 20 na 30. Unatoa 10. Wa mwisho, 30, anakalishwa kileleni. Orodha sasa ni 30, 20. Inapaswa 30 azame na 20 apande, ila mstari unaoongoza kuzama ulisema hivi:

while (kulia < n)

Yaani endelea kuzamisha maadamu kuna mtoto wa kulia; n ni idadi ya waliomo. Waliobaki ni wawili: 30 ana mtoto mmoja, wa kushoto. Wa kulia hayupo, basi mstari ukaona hakuna kazi, 30 akabaki kileleni na 20 chini yake. Mtoto wa pekee hakuulizwa namba yake.

Ilitakiwa iwe:

while (kushoto < n)

na ndani yake, kabla ya kuchagua mdogo kati ya wawili, uhakikishe kwanza kama wa kulia yupo. Mstari mbovu niliuandika mimi. Mwanzoni ulikuwa sahihi. Niliubadilisha nilipoogopa kwamba tunasoma nje ya orodha. JavaScript ukiisomea nafasi isiyokuwepo haipigi kelele, inakupa undefined, na kulinganisha namba na undefined jibu lake daima ni hapana. Nikajiona mwangalifu. Kumbe uangalifu wangu uliziba mlango ambao hakuna mwizi aliyewahi kuupita, na wenye nyumba wakabaki nje.

Sasa tazama kwa nini 50, 40, 30, 20, 10 ilipita. Ukiingiza kinyumenyume, namba kubwa husukumwa chini mapema, na kila inapotokea mzazi mwenye mtoto wa pekee, anakuwa tayari ni mdogo kuliko mtoto huyo. Nilifuata hatua zote kwa karatasi: orodha inabaki na watu wanne, kisha wawili, na mara zote mbili bahati imelala upande wetu. Kwa namba tatu ipo mipangilio 6 ya kuziingiza. Miwili tu ndiyo inayokosea, 10, 20, 30 na 20, 10, 30. Mtu akichagua mmoja kwa kubahatisha ana nafasi mbili kati ya tatu za kuridhika na foleni mbovu.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo linaloniuma. Kutafuta njia huingiza namba kwa mwelekeo wa kupanda. Unavyozidi kwenda mbali, muda unaongezeka. Njiapanda mpya haiwezi kuwa na muda mdogo kuliko ile iliyoiingiza. Yaani mpangilio tuliouona rahisi mno kupimwa ndio huo huo foleni hii ilioishi nao kila siku ya kazi.

Hitilafu pia haikuwa inatokea wakati wote. Mtoto wa pekee yupo tu idadi ya waliomo ikiwa shufwa. Ikiwa witiri kila mzazi ana wawili au hana kabisa. Na hata ikiwa shufwa, lazima anayezama afike pale pale mwishoni, na lazima awe mkubwa kuliko mtoto yule. Akikosewa mmoja, anaitwa amechelewa kidogo tu. Hakuna anayepotea, hakuna kinachokwama, hakuna ujumbe mwekundu.

Mbona miezi miwili njia zilikuwa sahihi?

Hili ndilo swali mama aliloniuliza, na alikuwa na haki. Nilimchorea vijiji vitatu nyuma ya bahasha.

Kutoka ghalani kuna barabara tatu: ya kijiji cha kwanza dakika 10, ya kijiji cha pili dakika 20, na njia mbovu ya moja kwa moja hadi kijiji cha tatu, dakika 30. Kijiji cha kwanza ni mwisho wa njia, hakiendelei kokote. Cha pili na cha tatu vimeunganishwa na kipande kizuri cha dakika 5. Jibu la kweli la kijiji cha tatu ni 25, kupitia cha pili.

Foleni yetu inaita cha kwanza, 10. Hakina jirani mpya. Inabaki 30, 20, na kwa ugonjwa wake inaita cha tatu kabla ya cha pili. Kwenye toleo la zamani hakuna shida: cha tatu kinaandikwa 30, baadaye cha pili kinaitwa, kinagundua 20 na 5 ni 25, kijiji cha tatu kinarudi kwenye foleni na kurekebishwa. Jibu ni sahihi, ila tumefanya kazi mara mbili. Kile kihesabu kilichozidi idadi ya njiapanda kilikuwa kinahesabu marudio hayo.

Kwenye toleo jipya, cha tatu kikishaitwa kinafungwa. Cha pili kinakuja na 25 yake, kinakuta mlango umefungwa. Lori linapelekwa kwa njia mbovu ya dakika 30, na barabara kuu iko pale pale.

Mama akaitazama bahasha. "Kwa hiyo mwanzo ilikuwa inakosea halafu inajisahihisha?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu nyie mkaikataza kujisahihisha."

Sikuwa na la kuongeza. Kufunga njiapanda ni jambo halali; vitabu vingi vya algoriti hufunga. Lakini uhalali wake wote umesimama juu ya foleni inayoita kwa mpangilio sahihi, na sisi tulikuwa tumepima njia, hatukuipima foleni. Njia sahihi si ushahidi kwamba foleni ni nzima.

Pacha mjinga

Kurekebisha mstari kulichukua nusu dakika. Siku tatu zilizofuata zilikwenda kwenye majaribio, na hizo sizijutii.

Wazo kuu ni kuwa na foleni mbili. Moja ni lundo letu. Ya pili ni pacha mjinga: orodha ya kawaida, ukiingiza anaweka mwishoni, ukitoa anakagua wote mmoja mmoja na kumtoa mdogo. Ni mzito, ila msimbo wake ni mistari michache ambayo hata usingizini unauona uko sawa. Kisha unazirushia zote mbili amri zile zile kwa kubahatisha, ingiza, ingiza, toa, ingiza, toa, toa, na kila zinapotoa unalinganisha namba. Unalinganisha namba, si jina la kijiji, maana vijiji viwili vikiwa na muda sawa kila foleni ina haki ya kuanza na ampendaye.

Pacha naye alikuja na kilema chake. Dogo hakutaka kukagua mmoja mmoja. Alitumia upangaji uliomo ndani ya JavaScript bila kuupa maelekezo, nao kwa kawaida yake hulinganisha namba kama maandishi. Kwa hiyo 100 ikakaa kabla ya 20. Kwa saa nzima tulikuwa tunalishtaki lundo kwa kosa la shahidi. Baada ya hapo nikasema pacha asitumie ujanja wowote, akague tu.

Jambo la pili, baada ya kila amri tulipita lundo zima na kumuuliza kila mtoto: mzazi wako amekuzidi? Jaribio hili lina thamani kuliko lile la kulinganisha matokeo, kwa sababu linakamata ugonjwa dakika unapoingia, si pale mgonjwa anapoanguka. Kwa mstari wetu mbovu, lilikuwa linaonyesha mzazi aliyevunja sharti amri nyingi kabla ya namba yoyote kutoka vibaya.

Namba za kubahatisha lazima ziwe na mbegu, yaani namba ya kuanzia, iliyohifadhiwa, ili jaribio likianguka uweze kulirudia vile vile lilivyokuwa. JavaScript haikuruhusu kuupa mbegu ubahatishaji wake wa kawaida, kwa hiyo tuliandika kizalishi kidogo chetu. Na likianguka kwa amri 200, usianze kuzisoma. Ondoa moja, jaribu tena; bado linaanguka? Iache nje, endelea na nyingine. Tulirudisha mstari mbovu makusudi ili kuona njia hii ingetufikisha wapi: zile amri zilipungua hadi zikabaki kuingiza mara tatu na kutoa mara mbili. Namba zilikuwa tofauti na za dogo lakini umbo ni lile lile, 10, 20, 30.

Kwa vitu vichache hata kubahatisha hakuna haja. Vitu 8 vina mipangilio 40,320 ya kuingizwa, na simu ya bei ya chini inaimaliza yote wakati bado unatafuta miwani. Nawaambia wenzangu: kabla ya kujivunia majaribio ya maelfu ya namba, pima mipangilio yote ya vitu vitatu.

Majaribio hayo yalitufukulia na jambo jingine tusilolitafuta. Vipande vingine vya OpenStreetMap havina kasi iliyoandikwa, na mahali fulani hesabu yetu iligawa kwa kitu kisichokuwepo, ikatoka NaN, yaani "si namba". Huyo ni sumu ndani ya lundo: ukimlinganisha na yeyote jibu ni hapana, hapandi wala hazami, anakaa alipo na kuwakinga walio chini yake. Sasa foleni inamkataa mlangoni na kutaja kipande kilichomleta. Tena tuliacha dakika zenye nukta, tukahamia sekunde kamili, ili usawa wa namba mbili uwe usawa wa kweli.

Njia zenyewe tulizipima kwa mtu wa tatu, Bellman-Ford, algoriti nyingine ya njia, ambayo haina foleni ya kipaumbele kabisa. Inazunguka vipande vyote tena na tena mpaka kusiwe na kinachopungua. Ni polepole sana, lakini kwa ramani ndogo za kubuni inatosha, na haiwezi kuambukizwa ugonjwa wa lundo.

Tulichokitupa

Foleni yetu ilikuwa na daftari la nafasi: kila njiapanda imeandikwa iko nafasi ya ngapi ndani ya lundo, ili muda wake ukipungua tuifuate moja kwa moja na kuipandisha. Ndivyo wengi tunavyofundishwa. Gharama yake ni kwamba kila wawili wanapobadilishana nafasi, daftari nalo liandikwe mara mbili, na ukisahau mara moja tu, daftari linakuelekeza kwa mtu mwingine.

Tukalitupa. Sasa muda ukipungua, tunaiingiza njiapanda upya na namba yake mpya; ile ya zamani tunaiacha humo humo. Ikija kuitwa, tunatazama: muda huu unazidi ule bora tunaoujua? Basi ni mzimu, tunauruka. Foleni inanenepa kidogo, ndiyo, lakini njiapanda za barabara zetu zina matawi matatu au manne, hazina mia, kwa hiyo mizimu si mingi. Kwenye simu ya mama hatukuona kasi ikipungua, na msimbo ulibaki karibu nusu.

Dogo alitaka tujaribu lundo la Fibonacci, la Michael Fredman na Robert Tarjan, ambalo kwa hesabu za karatasini linapunguza muda wa njiapanda kwa bei nafuu kuliko yote. Ni kazi nzuri ya 1984 na nampongeza kwa kuisoma. Nikamwambia aiandike nyumbani kwake, na aipitishe kwa pacha mjinga kabla hajaniletea. Hajaileta bado.

Mabadiliko matatu ya kasi tuliyarudisha moja moja, majaribio yote yakikimbia kila hatua. Kusimama mwisho wa safari kuna mtego wake: unasimama mwisho ule *unapoitwa*, si unapoonekana kwa mara ya kwanza, maana kijiji cha tatu kilionekana kwa 30 kabla ya kupatikana kwa 25. Hilo tulikuwa tumelipatia tangu mwanzo, kwa bahati zaidi kuliko akili.

Kile kihesabu cha pembeni sikukiondoa. Sasa kinahesabu ni mara ngapi namba iliyotoka imekuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Dereva alikiona juzi alipokuja kuchukua simu kwa safari ya Tandahimba, akauliza ile sifuri pembeni ni ya nini. Dogo akamwambia ni idadi ya makosa ya foleni, ikibadilika asianze safari, atupigie kwanza. Mzee akaitazama tena, akaitia simu mfukoni, akasema ameelewa, ila ya Kitangari njia anaijua.